Belo la Masweta

Ushuhuda wangu hauna muujiza wa fedha, ndiyo maana sikuwahi kusimama kanisani kuutoa. Watu huwa wanangoja pale mwisho, deni linapolipwa na mtu asiyejulikana.

Nauza mitumba pale soko la Memorial, Moshi. Mwezi wa tano nilikopa shilingi 300,000 kwenye ile mikopo tunayoiita kausha damu, nijazie mtaji wa belo la masweta kabla baridi ya Juni na Julai haijaingia. Marejesho 12,000 kila siku, siku 30. Sasa belo hununui kwa kuona ya ndani. Unakata kamba ukiwa umeshalipa. Nilipokata, masweta mengi yalikuwa yametoboka viwiko. Nikakopa kwingine nilipe kule. Mkopo wa kwanza hukukausha damu; wa pili hufuata mifupa.

Nikawa naujua mlio wa pikipiki ya afisa mikopo tangu ikiwa kona ya mtaa. Nazima redio, najifungia. Ikafika mahali mwanangu mdogo akisikia pikipiki yoyote, hata bodaboda wa kupita tu, anakwenda kuizima redio mwenyewe bila kuambiwa. Hilo ndilo lililoniuma kuliko deni.

Jumuiya yetu ya KKKT husali Jumatano alfajiri, nyumba kwa nyumba. Nilikuwa nimeacha kwenda kwa aibu, hata nikasahau kwamba zamu imefika kwangu. Saa kumi na moja na nusu nikasikia hodi. Nikajua ni wao, nikanyamaza. Nje wakaanza wimbo wa kitabu cha Tumwabudu Mungu Wetu, ule ambao mama yangu huuimba akipepeta mchele. Nikafungua na kanga yangu ya kulalia.

Somo lilikuwa Zaburi ya 127. Mwanzo wake, ule wa kujenga nyumba, nimeusikia kwenye harusi mpaka nimeuchoka. Mstari wa pili sikuwahi kuutilia maanani: unasema habari za usingizi, kwamba nao mtu hupewa na Mungu. Mimi nilikuwa na wiki nyingi nahesabu tu gizani. Nililia, nikawaeleza yote.

Hawakunichangia. Wengi wao wana marejesho yao pia. Ila mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, kesho akija mfungulie. Nitakuwepo." Deni lilikuwa lilelile, na usiku ule nililala hadi jogoo wa jirani akaniamsha.

Kesho yake mama yule alikuja na ungo wa maharage, tukakaa mlangoni tukichambua. Pikipiki ikaja. Niliomba kimoyomoyo, si deni lifutwe, bali miguu isinikimbize ndani. Nikamwambia yule kijana wa mikopo nina 4,000, nyingine nitazileta kidogo kidogo. Alifoka, akaandika. Kisha akaomba maji ya kunywa. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope. Nilimaliza kulipa mwezi wa tatu mwaka uliofuata.

Katikati ya madeni hayo nilipeleka sweta moja kanisani liwe sadaka. Kwenye mnada baada ya ibada, katikati ya mikungu ya ndizi na kuku, likapandishwa hadi 15,000, bei ambayo Memorial sikuipata hata siku moja. Mzee aliyelinunua analivaa mpaka leo, kiwiko nje.