Darasa la Agosti

Jumatatu, Agosti 4, 2025. Migori

Shule zimefungwa Ijumaa, na ubao wa darasa tulilokopeshwa bado una kazi ya Gredi ya Nne: taja wanyama watatu wanaokula nyasi. Sikufuta. Nikawaambia watahiniwa wangu wa KCSE, watu wazima, waanze na hilo. Wakacheka, baridi ikaisha.

Madawati ya watoto. Askari katoka lindo moja kwa moja, sare mwilini, magoti karibu yafike kidevuni. Mama Pacha kaja na pacha mmoja, mwingine kabaki kwa nyanya. "Kesho nitawabadilisha, Madam." Haya.

Mchimba kafika saa nne badala ya saa mbili, vumbi la Macalder hadi masikioni. Nimemruhusu aingie. Mlango hufungiwa mtoto wa kidato cha pili, si baba wa watoto watatu aliyepanda bodaboda gizani.

Jaribio la hesabu limenipa picha. Sehemu ya Pili ina maswali manane, chagua matano. Wao wameyagusa yote manane, hakuna hata moja lililofika mwisho. Nimesema weee: matano, mengine yasahau! Hawaamini. Mtu aliyenyimwa shule miaka yote hii, kumwambia aache swali ni kama kumwambia amwage chakula.

Jumatano, Agosti 6. Homa Bay

Awendo, Rongo, Rodi Kopany. Nyuma ya lori la miwa nusu ya safari, dereva akitukana kwa sauti ya chini kwa sababu mbele kakaa mchungaji.

Ukumbi wa kanisa umejaa! Akina mama wa omena safu ya mbele yote, vitabu wazi, kalamu tayari. Furaha yangu ilionekana usoni, maana Mama Debe alinivuta kando wakati wa chai.

"Nyara, usifurahi sana." Darasani mimi mwalimu, nje ya darasa mimi binti yake. "Hii ni mbalamwezi. Taa haziwavuti omena mwezi ukiwa mkubwa. Giza likirudi hutatuona."

Na uvuvi wa omena ndio kwanza umefunguliwa tena. Tangu Aprili walikuwa hawana kitu. Nitamlaumu nani?

Binti wa Mbita anataka uuguzi. Kwa diploma ni C ya kawaida, na Biolojia na lugha moja zisishuke hapo. Mara ya kwanza alipata D+, mimba ya miezi saba, kiti cha nyuma. Leo kachora moyo wa binadamu bila kuangalia kitabu, vali zote mahali pake. Kisha akaufuta upesi kabla sijauona vizuri. Binti yangu, huo moyo ulikuwa sawa!

Jumapili, Agosti 10. Migori

CHAN! Kenya moja, Morocco bila! Na tukiwa kumi uwanjani baada ya Erambo kutolewa! Hoteli ya karibu na stendi ilikuwa haina pa kusimama. Ogam alipofunga, chai ya mtu ilinimwagikia begani na sikuuliza ni ya nani. Mchimba alikuwa juu ya kiti, Askari kamshika mkanda asianguke.

Nimerudi nyumbani nikatunga swali la uwezekano: timu ina wachezaji kumi na mmoja, mmoja anatolewa... Kesho watalipenda. Miezi yote nimekuwa nikiwapa mipira myekundu na ya buluu kwenye mfuko. Nani hapa amewahi kuona mfuko wa mipira?

Jumanne, Agosti 12. Migori

Nakala mbili tu za tamthilia ya Bembea ya Maisha kwa darasa zima, moja haina jalada. Tukasoma kwa zamu, Askari akiwa Yona. Anaigiza mlevi vizuri mno, mkewe asione.

Tukafika kwa Neema na gharama za matibabu ya mamake, na Bunju na mkono wake mzito. Nilidhani nitawaeleza maudhui. Nieleze nini! Mama Pacha akasimama, mtoto mgongoni: huyo Bunju anamjua, amelala naye nyumba moja. Mchimba akajibu kwamba mwanamume ana wazazi wake pia, wao hawaugui? Mama Pacha: wanaugua, na anayewaogesha ni nani? Kelele. Mtoto akaamka.

Nilipowaambia waandike hayohayo, kimya. Mama Pacha aliyekuwa akinguruma ameandika mistari mitatu: Bunju ni mchoyo. Neema ni mwema. Mwisho. Anajua mengi kuliko mtahini, lakini mtahini hatamsikia, atasoma tu. Dawa yake? Kesho nitamwambia aseme, mwenzake aandike, kisha aisome sauti yake mwenyewe kwenye karatasi. Tujaribu.

Alhamisi, Agosti 14. Migori

Maabara! Kwa taabu. Mwalimu mkuu wa shule moja hakutaka kusikia: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 37, masomo ya likizo marufuku, yeye hataki jina lake gazetini. Nikamwambia hawa si wanafunzi wa shule yoyote, hawana likizo, mkubwa wao ana wajukuu. Akaniangalia. Akatoa funguo. Saa tatu tu, na kila kilichovunjika ni changu.

Hakijavunjika kitu.

Mchimba na bureti. Mikono inayopasua mwamba, nikawa namwombea kimyakimya. Kumbe mkono wake haujui haraka. Maji ya rangi ya waridi ndani ya chupa, asidi inashuka tone, anatikisa, tone, anatikisa, macho hayapepesi. Waridi ikafifia, ikarudi, ikafifia. Tone moja tena, ikaisha kabisa. Akafunga koki palepale. Sentimita za ujazo 24.60. Mara ya pili 24.50. Mara ya tatu 24.50. Kuna walimu ninaowajua wasioweza hivyo.

Akaniambia ndivyo wanavyofanya na zebaki, unaangalia rangi, ukizidisha umepoteza. Nikamuuliza huishika na nini. Akanionyesha viganja. Akauliza kama ni kweli inaingia mwilini. Nikamwambia ni kweli, na ule moshi wake wakiichoma ni mbaya zaidi. Hakusema kitu. Akaandika jedwali lake, usomaji wote nukta mbili za desimali, sawasawa kama nilivyosema, maana ukichanganya nukta moja hapa na mbili pale alama imekwenda.

Viganja vyake havijanitoka akilini jioni nzima.

Jumatatu, Agosti 18. Homa Bay

Viti. Viti tu.

Binti wa Mbita, vijana wawili wa bodaboda, na fundi cherehani aliyekuja kuniambia hawezi kubaki. Mama Debe alinionya, nilijua, na bado nimeumia. Nimefundisha vekta kwa sauti kubwa kama ukumbi umejaa. Upuuzi.

Usiku nimetoka nje. Giza la kweli. Ziwani taa kwa mamia, mstari mrefu kama mji mwingine uliozaliwa huko majini. Wanafunzi wangu wanazisubiri hizo.

Ofisi moja imeniuliza mahudhurio kwa asilimia. Nitaandika asilimia ya nini? Ya mwezi?

Jumatano, Agosti 20. Homa Bay

Nimeshuka ufuoni saa kumi na mbili. Mashua zinaingia, kelele, ndoo, bei zinapanda na kushuka kabla sijaelewa ni nani kanunua. Mama Debe kanipita bila salamu, uso wa biashara. Nikakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa.

Saa tatu omena wote wametandazwa juu ya nyavu, fedha tupu hadi kwenye majani. Halafu? Halafu hakuna kitu! Wamekaa. Wanafukuza kuku na ndege kwa fimbo, wanaangalia mawingu, wanasubiri jua. Saa kwa saa. Muda wote huo ulikuwepo hapa, mimi nikiwasubiri ukumbini.

Nikatoa karatasi ya pili ya hesabu mfukoni. "Mama Debe, debe tatu mbichi zimekupa gunia ngapi kavu?" Akajibu kabla sijamaliza. "Kwa asilimia?" Akafikiri, akaandika mchangani kwa fimbo ya kuku. Wengine wakasogea. Tukafanya faida, hasara, riba ya mkopo wa chama, wakagundua aliyewakopesha mwezi uliopita kawala vibaya. Hasira nzuri. Sijawahi kufundisha riba ikaeleweka hivyo.

Wingu likaja saa sita, wote wakaruka kukusanya omena, nami nikaruka. Nguo zangu zinanuka hadi sasa. Kwenye matatu jirani yangu alifungua dirisha, hakusema neno.

Ijumaa, Agosti 22. Migori

Penalti. Tatu kwa nne, Madagascar imetutoa. Omija alipofunga mapema kipindi cha pili tulishaanza kuimba. Basi. Askari kaenda lindoni bila kuaga.

Mchana tulifunga. Mama Pacha kaleta ukurasa mzima kuhusu Bunju, na nusu. Kuna sentensi zinazokimbia bila nukta, lakini yumo humo, nimemsikia. Mchimba amechagua maswali matano, ameyamaliza manne, na yale matatu mengine hakuyagusa hata kwa kalamu. Nilitaka kumkumbatia.

Usiku huu ratiba ya Septemba hadi mtihani. Nimefuta "Jumatatu na Jumatano" kwa Homa Bay, haina maana kule. Mwezi mpevu Septemba 7: ukumbini. Katikati ya giza: ufuoni, saa tatu hadi sita, bila karatasi zinazopeperuka. Mwezi mpevu tena Oktoba 7: Fasihi, na mazoezi ya Biolojia kwa Binti wa Mbita nikipata tena maabara. Migori jioni, Askari akiniambia wiki zake za zamu mapema.

Kisha Novemba. Mwezi mpevu Novemba 5, kwa hiyo karatasi za mwanzo zitaangukia mbalamwezi, heri. Zinazofuata zitaingia gizani, wakati omena wanapolipa. Hapo ndipo nawapoteza. Na mfumo wa 8-4-4 unaisha 2027, hawa hawana mwaka wa kupoteza.

Nimempigia Mama Debe. Nikamwambia tarehe zote. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwenye chama chao wako wasiofanya mtihani, na hao wananunua kama wao tu. Siku ya karatasi watawanunulia watahiniwa, faida igawanywe nusu. Nikasema nusu ni nyingi. Akasema nifundishe hesabu, mambo ya samaki nimwachie yeye.

Ataleta majina Septemba 7. Nimesema nayataka yameandikwa, na tarehe mbele ya kila jina.