Mlango wa Uani

Juma lililopita, walipoibomoa nyumba ya Somo pale Ngamiani, mjini Tanga, nilisimama ng'ambo ya njia nikitazama udongo mwekundu ukiporomoka na boriti za mikoko zikichomolewa, na mjukuu wangu, anayesomea sheria, akaniuliza: "Bibi, zamani hizo mwanamke akipigwa na mumewe alikimbilia wapi?" Nikamwonyesha kwa kidole palipokuwa na mlango wa uani.

Somo alikuwa kungwi, mjane asiyejaaliwa mtoto na mpishi wa vitumbua, naye ndiye aliyenilea. Mlango wa mbele, wenye baraza, ulikuwa wa wanaume na wageni. Ule wa uani haukutiwa komeo usiku. Aliyeingia kwa mlango ule baada ya sala ya Isha, miguu peku, leso moja kifuani na moja kichwani, hakuulizwa kisa wala jina la mume. Somo alimpokea mtoto aliyebebwa, akamlaza kwenye kitanda changu cha kamba, kisha akamtia mama mtu mwiko mkononi na kumwambia, "Koroga, mwanangu." Unga wa mchele, tui, iliki na hamira vilikuwa sufuriani vikiingojea alfajiri, na mwanamke yule alikoroga hata mkono ukaacha kutetemeka, ndipo yakatoka machozi, na baada ya machozi, maneno. Hata leo nikinusa iliki katika unga uliochachuka, nasikia nyayo tupu zikikanyaga ua wetu.

Walakini, haki na isemwe. Siku ya tatu wazee walikaa barazani, mume akakemewa, akaapa, akatoa doti ya leso, na mke akarejeshwa. Hiyo ndiyo iliyoitwa suluhu. Mmoja alirejeshwa mara tatu, na mara ya nne alikuja na mkono wa kulia umevunjika, akaukoroga unga kwa mkono wa kushoto. Tangu usiku ule Somo hakukubali kumrejesha mtu asiyetaka mwenyewe. Wazee walipomnunia, aliwajibu kwa taadhima: "Sitara ni ya aliyepigwa, si ya aliyepiga."

Nimezifukua tarehe. Sheria ya Ndoa ni ya mwaka 1971, na kifungu chake cha 66 chatamka kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenziwe wa ndoa kwa kumpiga. Iwe usiku ule uliitangulia sheria au uliifuata, si kitu. Sheria yenyewe ilichukua miaka mingi kufika uani kwetu.

Baadaye mambo yakaenda mbio. Mwaka 1987 waandishi wa habari wanawake wakaunda chama chao, TAMWA, wakayaandika hadharani yaliyokuwa yakinong'onwa jikoni. Vituo vya polisi vikapata Dawati la Jinsia na Watoto, na baadhi ya hospitali vituo vya Mkono kwa Mkono, ambamo tabibu, polisi na ofisa ustawi wa jamii humhudumia mtu mahali pamoja. Nashukuru kwa dhati ya moyo. Lakini mwaka juzi nilimsindikiza jirani yangu usiku: tukaichukua fomu ya polisi, PF3, akashonwa nyuzi saba juu ya jicho, na ilipofika saa nane wahudumu wakatuuliza atalala wapi, nasi tulipowauliza wao hawakuwa na jibu, kwa kuwa nyumba salama ni chache na ziko mbali. Wakamshauri arudi akazungumze na mumewe. Hilo ndilo liniudhilo: kosa la wazee wa baraza tumelirithi, na fadhila ya mlango tumeiacha ibomolewe. Kila halmashauri hujenga stendi na soko. Yashindwaje kuweka nyumba moja yenye vitanda, mlinzi na chungu jikoni?

Jirani yangu alilala kwangu siku kumi na moja. Mlango wangu wa uani ni wa chuma, una kufuli, na mjukuu wangu sasa nimemwonyesha ufunguo unapotundikwa.