MAMA POSTA

Mama yangu alifariki mwaka jana hapa Mwamkulu, akiwa na umri wa miaka 72. Siku ya maziko wazee walimtaja kwa jina la Mama Posta. Vijana wakaniuliza, "Bwana shamba, kwa nini aliitwa hivyo?" Ndugu wasomaji, naandika habari hii ili niwajibu.

Mama alianza kazi katika posta ya Mpanda mwaka 1975. Wakati huo posta ilikuwa chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, posta na simu zikawa za shirika la Tanzania. Mwaka 1994 posta ikatengwa na simu. Miaka yote hiyo Mama alikuwa palepale dirishani. Alistaafu mwaka 2013.

Barua zilikuja kwa gari moshi kutoka Tabora kupitia Kaliua. Zilikuwa katika mifuko iliyofungwa kwa kamba na kutiwa muhuri. Watu wengi wa vijijini hawakuwa na sanduku lao. Walitumia sanduku la shule au la misheni. Mwenye baiskeli alikwenda mjini akawaletea wenzake.

Kulikuwa pia na simu ya maandishi. Malipo yake yalihesabiwa kwa maneno. Hapo ndipo palikuwa na taabu, maana watu wetu hawapendi kuacha salamu. Mzee alianza, "Waambie hatujambo, na ng'ombe hawajambo." Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia bei. Yalibaki maneno matatu tu: "Baba mgonjwa njoo." Nafikiri Kiswahili kiliwaokoa wengi. Neno moja kama "tumempeleka" hubeba habari nzima.

Lakini kazi iliyomtia Mama wasiwasi ilikuwa hawala ya posta, ambayo wengine waliita mani oda. Fedha za watu zilipita mkononi mwake, na wengi wa wenye fedha hizo hawakujua kusoma.

Alinisimulia habari moja alipokuwa mzee. Kijana mmoja alifanya kazi mbali, akamtumia mama yake fedha mara kwa mara. Jirani ndiye aliyemsomea bibi huyo barua zake, na ndiye aliyemchukulia fedha. Siku moja jirani alifika posta peke yake. Karatasi ilikuwa tayari na alama ya dole gumba. Akasema bibi ni mgonjwa. Mama akakataa kumpa. Akasema fedha hupewa mwenyewe. Yule mtu aligomba sana, watu wote foleni wakasikia.

Baada ya siku chache bibi alifika kwa miguu. Alikuwa mzima kabisa. Alisema amekuja kuchukua shilingi 50 zake. Mama hakumjibu neno. Alichukua kipande cha karatasi, akaandika 50. Chini yake akaandika 200. Kisha akamwonyesha hawala. Bibi alikuwa ameanza darasa la kisomo na tarakimu alizijua. Alitazama karatasi, akatazama hawala. Akakaa chini sakafuni.

Miezi iliyofuata bibi alikuja mwenyewe. Siku moja alikataa wino wa dole, akaomba kalamu. Aliandika jina lake kwa mkono unaotetemeka, na foleni nzima ikamngoja.

Mama hakunitajia jina la bibi wala la jirani yule mpaka anakufa.

Baba alitutoka mapema, na Mama alitulea watoto wanne kwa mshahara wa posta na mpunga wa Mwamkulu. Nilipokuwa Chuo cha Kilimo Tumbi, aliniandikia kila mwezi. Stempu alinunua kwa fedha yake, kama mtu yeyote.

Baada ya kustaafu alihamia hapa. Watu wakaanza kumletea simu zao za mkononi awasomee ujumbe. Aliwasomea. Lakini mtu akitaka kumtajia namba ya siri ya fedha zake, alifunika masikio kwa viganja. "Sitaki kuisikia, mwanangu. Bonyeza mwenyewe." Asiyejua tarakimu alichorewa mavumbini, moja mpaka tisa, na sifuri. Wengine walikasirika, wakaona anawasumbua. Yeye hakujali.

Simu alikuwa nayo, ila aliendelea kuandika barua. Baada ya msiba nilifungua sanduku lake la bati. Nilikuta barua moja imefungwa kwa gundi, ina jina la dada yangu aliyeko Kigoma na namba ya sanduku lake. Haikuwa na stempu. Dada alikuwa amekwisha kurudi kwake. Nilipanda baiskeli mpaka Mpanda, nikanunua stempu, nikaituma.

Dada aliipata. Hajaniambia iliandikwa nini, nami sijamwuliza.