Ordinatere ya Michezo: Tuanze na Umeme

Mtoto wangu hapa Kasongo anataka tujiungie wenyewe ordinatere ya michezo. Yeye anaanza na mchezo. Mimi naanza na umeme, maana wetu ni wa jua na batri. Karte ya picha RTX 3070 peke yake inaweza kula wati 220. Basi tukachagua prosesa Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021: inachora picha yenyewe, nayo imepimiwa wati 65. Karte mama lazima iwe ya AM4. Memori ni mbili za giga 8, zipate kufanya kazi pamoja. Bati inayobandika vipande hutoka katika kasiteriti, jiwe la Maniema yetu. Lakini vinaturudia kwa bei kali, hatuwezi kununua mara mbili. Michezo mizito ingoje. Taa ya masomo isizimike.