Baridi ya Kila Usiku



Kipupwe kimetufikia tena. Mwezi huu wa Julai mawingu huifunika Arusha tangu alfajiri, na siku kadhaa hupita bila sisi kuuona uso wa Mlima Meru. Tukiwa kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, tunajikunyata ndani ya makoti. Juma hili tumeona vema tuwatafakari viumbe wanaoishi juu yetu. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6, na kilele cha Meru kipo kwenye mita 4,566. Huko maji huganda usiku, na mara nyingine theluji huanguka, ingawa haidumu kama ile ya jirani yetu Kilimanjaro.

Katika nchi za kaskazini majira ya baridi huja mara moja kwa mwaka, nayo hukaa miezi. Dubu hula hadi akanenepa, kisha hujificha pangoni na kuishi kwa mafuta yake mpaka majira yapite. Mbayuwayu, ndege mwenye uzito wa gramu 20 hivi, huikimbia baridi hiyo. Huondoka Ulaya, huvuka Sahara na kutufikia yapata Oktoba, kisha hurejea kwao masika yanapotuanzia.

Milima yetu ya tropiki ina desturi nyingine. Mchana jua huchoma, usiku jalidi hutanda. Majira ya baridi huingia kila jioni na kuondoka kila asubuhi, mwaka mzima. Hakuna mnyama awezaye kulala hadi yaishe. Kila machweo yampasa ajipange upya.

Mbuzimawe amejaliwa manyoya mazito yenye uwazi ndani mithili ya mabua, na hewa iliyomo humkinga na baridi ya usiku na jua la mchana vilevile. Mbega wa misitu ya Meru amevaa joho refu jeusi na jeupe. Asubuhi tumewaona wakipanda matawi ya juu kabisa kuota jua kabla ya kutafuta majani.

Lakini atufundishaye zaidi ni pimbi. Yeye hana uwezo mkubwa wa kulitunza joto la mwili wake, bali hupoa upesi kuliko wanyama wengi wanyonyeshao. Kwa hiyo usiku hujibana na wenzake katika nyufa za miamba, kila mmoja akimpasha mwenziwe joto, na asubuhi hutoka kuota jua kwa kitambo kirefu kabla ya kula. Maandiko Matakatifu humwita wibari, na Mithali sura ya 30 humhesabu kati ya viumbe wadogo wenye hekima nyingi.

Wapendwa, mjini mwetu wapo pia ambao majira ya baridi huwajia kila usiku: mlinzi wa getini, mama anayepanga ndizi sokoni Kilombero kabla ya mapambazuko, mtoto alalaye barazani mwa duka. Hao hawana mafuta ya dubu wala mabawa ya mbayuwayu. Tusiwaulize kwa nini hawakujiwekea akiba. Blanketi, kikombe cha uji, koti lililolala kabatini miaka mitatu, vyote vinahitajika leo, wala visingoje Krismasi.

Tena tuonyane jambo moja. Wengine wetu huingiza jiko la mkaa chumbani, hufunga mlango na dirisha, kisha hulala. Mkaa huo hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na inaua watu usingizini. Jiko libaki nje. Ndani wanafamilia wasogeleane, kama pimbi wafanyavyo, na jirani aishiye peke yake abishiwe hodi kabla giza halijaingia.

Tunawatakia juma jema.