Maziwa Yasiyo ya Ng'ombe

Akina mama wenzetu, hapa Muheza maziwa ya mimea si mageni. Tui la nazi tumelichuja tangu usichana. Siku hizi tukienda Tanga mjini tunakuta na pakiti za maziwa ya soya na ya lozi. (Bei yake, mh!) Tukinunua, tunageuza pakiti na kusoma maandishi madogo: je, sukari ni kiasi gani, na kalsiamu imeongezwa? Ya lozi protini yake ni kidogo mno. Ya soya ndiyo hukaribia ya ng'ombe, tena hutengenezwa nyumbani: loweka usiku kucha, saga, chuja, chemsha vizuri, kwani soya mbichi huzuia tumbo kusaga protini.

Kinachotutia hofu ni watoto wachanga. Mama mmoja alituletea mtoto wa miezi minne, amekonda. Alikuwa akinyweshwa tui lililotiwa maji, kwa kuwa bibi yake aliona maziwa ya mama hayatoshi. Hatukumgombeza. Mtoto alionwa na daktari, nasi tukakaa na mama, tukamrudisha mtoto titini, maana kadiri anyonyavyo ndivyo maziwa yajavyo. Hadi miezi sita ni maziwa ya mama peke yake. Ya mimea yasiwe kinywaji kikuu kabla ya mwaka mmoja.

Waliporudi kliniki, aliyembeba mtoto alikuwa bibi.