Pindo, Mji na Jina: Kutafuta la Kuandika katika Vitu vya Nyumbani

Lalamiko ninalolisikia mara nyingi zaidi darasani halihusu ngeli wala nyakati za vitenzi. Ni hili: "Mwalimu, sina la kuandika." Mwanafunzi huipokea karatasi, akaandika tarehe, akaandika mada, kisha akatulia kana kwamba anasubiri mvua. Baada ya nusu saa huniletea insha niliyokwisha kuisoma mara ishirini: minazi, ngalawa, upepo mwanana wa pwani. Mtoto aliyezaliwa na kukulia karibu na Masaka, asiyewahi kuiona Bahari ya Hindi hata siku moja, ananisimulia habari za matanga. Ameyatoa kitabuni. Anaamini kwamba Kiswahili kina mandhari yake, na kwamba mandhari hayo hayako kwao.

Imani hiyo haikuzuka hivi hivi. Hapa Uganda wazee wengi wanakikumbuka Kiswahili kama lugha ya vizuizi vya barabarani katika miaka ya 1970, askari alipowaamuru watu washuke garini na kulala kifudifudi. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili; mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kitumike hivyo. Hata hivyo, waraka wa serikali hauwezi kuingia jikoni kwa bibi na kumwambia asahau. Ndiyo maana wanafunzi wangu wengi hujifunza lugha hii ndani ya uzio wa shule na kuiacha langoni jioni.

Muhula huu, basi, nimepiga bahari marufuku. Nimewaomba waanze na kilichopo mwilini.

Tazama vazi la heshima la mama yako. Gomesi ina shingo ya mraba, mikono mifupi iliyoinuka mabegani, na vifungo viwili upande wa kushoto. Jina lake linahusishwa na fundi cherehani mwenye asili ya Goa, Gomes, anayesimuliwa kuwa aliishona mwanzoni mwa karne ya 20. Mkanda mpana unaofungwa chini ya kiuno huitwa kwa Kiganda ekitambaala. Litamke polepole neno hilo, utakisikia kitambaa ndani yake. Baba naye akienda kuposa huvaa kanzu, vazi lililofika kwetu na misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani katika karne ya 19, zamani kabla ya wale askari wa vizuizini kuzaliwa. Rudi nyumbani uhesabu: emmeeza, ssabbuuni, ssaawa, ekitabo. Sisemi haya ili nidai kwamba Kiganda kimekopa kila kitu. Kila lugha hukopa, na Kiswahili ni mkopaji hodari kuliko wote. Ninasema tu kwamba mgeni mnayemwogopa amekuwa akila nanyi meza moja muda mrefu.

Chini ya gomesi ya pamba wanawake wengi hufunga leesu ili kitambaa kisishikamane na mwili. Leesu ndiyo leso, ndiyo kanga. Hapo ndipo furaha yangu ya mwalimu inapoanza, kwa sababu kanga huja na maandishi ya Kiswahili, na wengi wanaoyavaa hapa kwetu hawajui yanasema nini. Sokoni nilimkuta mama mmoja muuza nyanya, kanga yake imeandikwa "Akiba haiozi." Nilipomfasiria alicheka hadi akashika ubavu, akinionyesha nyanya zake za juzi. Kisha akafungua fundo kwenye pembe ya kanga ileile na kunitolea chenji.

Kanga ina sehemu zenye majina: pindo ni ule ukingo unaoizunguka pande zote nne, mji ni uwanja wa katikati wenye picha kuu, jina ni maandishi yaliyo karibu na ukingo wa chini. Nimeona kwamba mwanafunzi aliyeshindwa kabisa kuelewa maelezo yangu kuhusu muundo wa insha huelewa anapoishika kanga mkononi. Mji wako uko wapi? Mbona umejaza pindo kurasa mbili? Na jina lako, mbona refu hivi, nani ataweza kulivaa? (Wale wanaopenda vichwa vya insha vyenye maneno kumi na tano wanajijua.)

Lakini kitu kilicholeta insha bora mwaka huu si kanga. Ni lubugo, kitambaa cha gome la mti, ambacho upande huu wa Buddu bado kinatengenezwa na watu ambao baadhi yenu mnawaita babu.

Kazi yenyewe ni shule ya vitenzi. Fundi huukwangua mti wa mutuba ili kuondoa gamba la nje, huchanja gome la ndani, hulibandua kwa uangalifu likiwa kipande kimoja, kisha huufunika mti uliobaki uchi kwa majani ya mgomba ili usikauke. Gome huota tena, na mti huohuo huvunwa mwaka baada ya mwaka. Gome hupelekwa chini ya banda lililo wazi, mahali ambapo jua halitalikausha upesi, na hapo hupondwa kwa nyundo za mti zenye mistari iliyochongwa, ya nyundo ya kwanza mipana, ya nyundo ya mwisho myembamba. Linalainika na kupanuka chini ya mapigo. Mafundi wawili wakikaa pamoja, mapigo yao hupishana, na anayepita njiani hudhani ni ngoma. Mwishowe kitambaa huanikwa juani, nacho hugeuka rangi ya udongo mwekundu. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi huu kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa binadamu. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kwa nini ilibidi watu wa mbali watuambie. Nilimrudishia swali aliandikie, na bado namdai.

Darasani tulibishana. Kijana mmoja alisimama akasema lubugo ni kitu cha mizimu, Mkristo hapaswi kukigusa. Mwenzake akamjibu kwamba Kabaka huvikwa lubugo siku ya kutawazwa, na kwamba wabunifu wa mitindo wa Kampala wanashonea mikoba. Sikutoa hukumu. Niliwataka tu wabishane kwa Kiswahili na kila mmoja aeleze kwanza amekiona wapi kitambaa hicho, nani alikuwa nacho na kilikuwa kinafanya kazi gani. Kelele zilipungua nusu. Somo la uraia lingepata faida kubwa kama sharti hilo lingetumika pia kwenye mikutano ya watu wazima.

Insha niliyoitaja ni ya msichana wa kidato cha pili. Aliandika kwamba bibi yake ana lubugo iliyokunjwa ndani ya sanduku chini ya kitanda. Kwetu marehemu huzikwa akiwa amefungwa ndani yake. Msichana aliandika hivi, nami nanakili kwa ruhusa yake: "Bibi ameweka nguo yake ya mwisho. Hunionyesha mara kwa mara mahali ilipo ili siku hiyo nisihangaike kutafuta." Sentensi mbili, maneno ya kawaida, hakuna nahau hata moja. Sikuwa na la kusahihisha.

Nilimwuliza aliyapataje maelezo yote yaliyofuata. Akasema ilimbidi amsomee bibi, na bibi huyo hataki kabisa Kiswahili kisikike nyumbani kwake. Ndugu yake alichukuliwa kwenye kizuizi na hakurudi. Alisikiliza akiwa amegeuza uso. Neno sanduku lilipotajwa akamkatiza: "Hilo ni letu. Essanduuko." Halafu akamwambia kwamba ameeleza vibaya jinsi ya kuponda, na akakaa naye mpaka taa ikazimwa, akimtajia kila nyundo na kazi yake. Insha ikarudi shuleni ikiwa na kurasa nne. Bibi, nasikia, bado haitikii "Shikamoo," na mjukuu wake hamlazimishi.

Kazi ya juma lijalo ni hii. Chagueni kitu kimoja kilichotengenezwa kwa mkono, kilichopo nyumbani au njiani mnakopita: mkeka, ngoma, mlango uliochorwa, shati la kitenge. Kabla ya kuandika, mwulizeni aliyekitengeneza, au anayekitumia, jina la kila sehemu. Leteni majina hayo kwa Kiganda, Kinyankole, Lusoga, lugha yoyote. Kiswahili chake tutakitafuta pamoja ubaoni. Mmoja wenu ameniuliza kama anaweza kuandika juu ya ule mpira wa kuzuia matope ulioandikwa maneno, nyuma ya bodaboda ya kaka yake. Anaweza. Aanze kwa kumwuliza kaka ni nani aliyeyachagua maneno hayo, na kwa nini yameandikwa mahali ambapo yeye mwenyewe hayaoni.